Ndege Ipae Bila Kupashwa Moto

Kwa Ndugu Arhip,
Mkuu wa Kiwanja cha Ndege, Suordahai.

Salamu za heshima, na kama bado una mafua, upone.

Mimi ni Joguor, yule mzee ambaye uzio wake umepakana na kiwanja chako. Ninaandika kwa adabu yote niliyofundishwa katika madarasa manne, kuishtaki ndege yako ya Jumanne na Alhamisi. Haipai mpaka injini ingurume dakika arobaini ikijipasha moto. Malalamiko yangu ni haya:

1. Barafu. Kama kila mtu hapa, nimekata mapande ya barafu mtoni nikayapanga uani, ndiyo maji yetu ya chai mpaka Mei. Rafadha ya ndege yako, lile panga linalozunguka mbele, inayapulizia masizi. Chai yangu sasa ina ladha ya petroli. Juzi mgeni alikunywa vikombe vitatu akaomba cha nne, lakini huyo ni shemeji yangu, hahesabiki.

2. Upendeleo. Injini inafunikwa blanketi nene la pamba, na tangu alfajiri kuna jiko linaipulizia hewa moto kwa bomba la turubai. Mimi nina miaka sabini na saba, blanketi langu lina tundu, na ninaamka kwenye baridi ya nyuzi arobaini na tano chini ya sifuri bila kupulizwa na mtu. Farasi wangu analala nje, na asubuhi anaondoka mara moja. Nilimweleza hayo fundi wako Keskil. Akaniambia, "Babu, farasi wako hapai angani." Nikamjibu, "Na hiyo yako je? Inanguruma tu, hata shingo haijainua!" Akachukua nyundo yake ya mbao akaenda kugonga skii za ndege, zile mbao inazotelezea badala ya magurudumu, zilizogandia theluji.

3. Dharau. Kila siku ya safari mke wangu Ogdo huulisha moto wa jikoni kipande cha chapati ya siagi, kuwaombea marubani wako. Moto ukishakula, mnangoja nini tena mpaka mafuta ya injini yapate joto? Hamumwamini Ogdo?

4. Hili ndilo zito. Alhamisi hii Ogdo mwenyewe anapanda hiyo ndege kwenda hospitali ya wilaya kutolewa mtoto wa jicho. Miaka miwili sasa haoni ila vivuli. Katika muda huo nimemwambia kwamba nimepaka dari chokaa, nimetengeneza mlango mpya, na meno yangu ya mbele yote yapo. Nyumba yetu haijapata amani kama hii tangu tuoane. Sasa fikiri, Ndugu Mkuu: injini ikipata moto, ndege itapaa, ikipaa, Ogdo ataona, akiona, mimi nitahamia kwa farasi.

Kwa hiyo naomba upige marufuku kupasha injini moto. Ndege inayojiheshimu iondoke na baridi yake. Ikigoma, iachwe hapohapo mpaka Mei.

Msalimie mkeo, mama mkwe wako, marubani wote wawili, na hata huyo Keskil.

Wako mtiifu, nikipenda,
Joguor

N.B. Mimi siwezi kuandika bila kujisomea kwa sauti, na nilisahau kwamba Ogdo amekaa nyuma ya jiko. Amesema, "Wee Joguor, tangu lini mlango mpya ukapiga mluzi kwa upepo? Na hayo mapengo nayasikia ukimung'unya samaki. Mimi nakwenda. Nataka nikuone uso unavyokuwa ukinidanganya." Kisha akanyoosha mkono kunishika, akashika kiti.

Basi futa yote ya hapo juu. Alhamisi anzeni mapema. Ingurumeni saa nzima, saa mbili, masizi yaje mpaka ndani ya kikombe. Blanketi langu nawapa, tundu mligeuzie upande wa mkia. Skii nitazigonga mwenyewe, na chapati ya siagi nitaileta nzima.

Ila Jumanne, wakati wa kumrudisha, ipasheni moto polepole sana. Dari bado sijaianza.