Kiti cha Mbele na Matairi ya Baba

Jumapili, 3 Agosti

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili, hata Dada mwenyewe: namwonea wivu mchumba wake. Si kwa sababu anamchukua Dada. Dada nitamzoea akiwa mbali. Ni kwa sababu ya kiti.

Kiti cha mbele, pembeni ya Baba. Ni changu tangu nilipokuwa nikikaa miguu inaning'inia. Nikiwa pale namsomea Baba vibao vya barabarani, naye ananiita Profesa. Leo tulikwenda kumwona Shangazi hospitalini. Nimefika garini, kitabu kwapani, nikakuta kuna mtu ameshaketi. Magoti yanagusa dashibodi! Baba akaniambia niingie nyuma, eti Injinia anataka kusikiliza injini.

Injinia! Anauza miwani!

Tuliporudi, Shemeji (Mama ameamuru tumwite hivyo ingawa harusi bado) alilipiga teke tairi la mbele akatamka kama daktari: "Baba, haya bado kabisa. Meno yote yapo." Kisha akatoa kikopo cha dawa ya kung'arisha, akayapaka yote manne. Yakang'aa kama viatu vipya. Baba alilizunguka gari akitabasamu. Matairi ndiyo fahari yake. Gari letu hutoka kwa ajili ya hospitali, misiba na harusi tu, siku nyingine hulala uani chini ya turubai, kwa hiyo meno hayajalika.

Jumamosi tunakwenda wote kwa wazazi wa Shemeji. Safari ndefu, barabara kuu. Nani atakaa mbele? Sina haja ya kuuliza.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata! Nimempata!

Maktaba ya shule, kabati la nyuma, kitabu cha madereva ambacho hakuna aliyekigusa tangu kiletwe. Kinasema tairi huzeeka hata lisipotembea. Mpira hukauka, hukakamaa, hupasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni, na jua na kusimama muda mrefu huliharibu zaidi. Meno yanaweza kuwa mazuri na tairi likawa limekwisha. Umri husomwa kwenye ubavu, tarakimu nne ndani ya umbo kama la yai: mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Likizidi miaka kumi, kitabu kinasema, usibishane nalo. Toa.

Nilitoka shule mbio. Upande wa nje wa matairi yetu hauna tarakimu hizo, ziko upande wa ndani. Ikabidi niingie uvunguni na tochi. Nikasoma. Nikasoma tena. Matairi ya Baba yalizaliwa kabla sijaota jino la kwanza!

Mama alikuja kuanua nguo, akakuta miguu yangu tu imetokeza chini ya turubai. Aliuliza kama nimegongwa na gari lililosimama.

Sikumwambia kitu. Wala Baba sijamwambia. Ningemwambia leo, angesema ahsante na yangeisha hapo. La! Jumatano Shemeji anakuja kula. Nitasimama mezani, mbele ya wote, nieleze umri wa matairi na jina la aliyesema bado kabisa. Nimeanza kuandika hotuba. Sentensi ya kwanza: "Wapendwa wazazi."

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya. Sijui hata nianzie wapi.

Hotuba ilikuwa tayari, mfukoni. Nilingoja nafasi. Mimi si mtu wa kudakia maneno. Hata darasani nikinyoosha mkono huwa naomba Mungu mwalimu asinione. Wali ukaisha, matunda yakaja. Nikakohoa. Mama akanipa maji.

Ndipo Shemeji akaweka kijiko chini, akasema: "Baba, samahani. Jumapili niliropoka."

Akaeleza kwamba kabla ya kula alipita uani, akakuta ile dawa imebanduka kidogo, akaona nyufa chini yake. Akajipenyeza uvunguni na lenzi yake ya dukani, akasoma tarakimu. Matairi ni ya zamani mno, alisema, na yeye asingependa wapande barabara kuu nayo. Akaomba radhi kwa kupiga teke na kutoa hukumu.

Hotuba yangu! Yote! Na ya kwake ilikuwa fupi na nzuri zaidi!

Nilitegemea Baba amshukuru. Wapi. Baba alinuna. Akasema tairi lenye meno kama ya mamba mtu analiitaje zee? Akasema vijana wa siku hizi kila kitu kwao ni kutupa. Kisha akanigeukia mimi. Akasema: "Profesa, wewe ndiye msomaji humu ndani. Hebu tuambie."

Profesa. Sikuwa nimelisikia jina hilo tangu Shemeji aanze kuja.

Naapa sikupanga. Mdomo ulijifungukia wenyewe. Nilisema: "Baba, meno yamejaa. Umri wa tairi ni tarakimu tu."

Baba alipiga meza kofi la furaha, vikombe vikaruka. "Mnasikia? Jumamosi Profesa anakaa mbele!"

Shemeji hakubisha. Alinitazama tu. Tena bila hasira! Bora angenuna.

Alhamisi, 7 Agosti

Ushindi mtamu. Baba amenipa kazi ya kufuta dashibodi. Nimekaa kwenye kiti changu chini ya turubai, mwanga wa kijani, nikasoma sura mbili za kitabu cha hadithi. Sijui zilihusu nini.

Mapumziko nilikwenda maktaba. Nilidhani labda niliruka mstari, labda mahali fulani wameandika isipokuwa ya Baba. Hawajaandika.

Jioni Dada alikuwa akipiga pasi gauni la Jumamosi, la bluu, lenye mikono mipana. Mimi nashika pindo lisiburuzike. Akauliza taratibu kama matairi ni salama kweli. Akasema mchumba wake ana wasiwasi na Baba hataki kusikia, kwa hiyo yeye ataamini nitakalosema mimi. "Wewe huwa husemi kitu hujakisoma," alisema.

Nikasema ni salama.

Dada atakaa nyuma kushoto. Tairi la nyuma kushoto ndilo lenye nyufa nyingi kuliko yote. Nyingine inaingia ncha ya ukucha. Nimepima.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango mpya, wa heshima, usiohitaji kukiri chochote: kuugua. Mtoto akiwa mgonjwa safari huahirishwa.

Asubuhi nilitumbukiza kipimajoto ndani ya chai. Nikajilaza, nikamwita Mama kwa sauti ya kufia. Mama alikitazama kipimajoto kwa muda, akasema kwa joto hili ningekuwa nimeshaiva. Hata hivyo akaniambia nibaki kitandani, na kesho nibaki pia, jirani atanitazama. Wao wataondoka kama kawaida. "Na kiti cha mbele atakaa Shemeji yako," akaongeza akifunga mlango.

Nilipona papo hapo. Nikawahi kengele ya pili.

Njia rahisi ni kumwambia Baba ukweli. Nimeifikiria. Kwanza angeacha kuniita Profesa. Pili angemwita Shemeji ndani na kumwomba radhi mbele yangu. Tatu, sitaki.

Kuna njia nyingine. Gari lisilo na upepo haliendi popote.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Alfajiri nilitoka uani na kijiti. Nikafungua vifuniko, nikabonyeza, upepo ukatoka matairi yote manne. Nikarudi kitandani nikiwa mtu mwema.

Baba alipotoa turubai alipiga ukelele. Wezi! Mama akauliza ni mwizi gani anaiba upepo. Nikasema kwa huzuni kwamba basi, safari imeshindikana. Baba akawa ameanza kukubali. Tukasikia honi. Shemeji! Amekuja na pampu ya umeme, ameazima, eti alitaka tu kuangalia upepo kabla ya safari.

Mtu huyu! Hivi hachoki?

Waya wa pampu haukufika. Baba na Shemeji wakalisukuma gari mpaka karibu na mlango wa jikoni, likiyakanyaga matairi yaliyolala. Nilisikia mpira ukilia. Wakajaza la kwanza, la pili, la tatu. Baba ananiambia, Profesa, kaa kitini, tunaondoka. Nikakaa. Mlango wazi, kapu la zawadi mapajani. Dada akaja na gauni lake la bluu, akasimama nyuma kushoto, kwenye tairi la mwisho, akisubiri wamalize kujaza apande.

Niligeuka kumtazama. Ubavuni mwa lile tairi kulikuwa kumeota kitu. Kama jipu. Kinakua.

Sijawahi kupiga kelele maishani mwangu. Nilipiga. "Ondokeni!" Nikachomoka kitini, kapu likaruka. Nilimdaka Dada kwa mkono wa gauni nikamvuta na mkono wa gauni ukabaki kwangu, lakini Dada alikuja nao. Shemeji akaruka upande wa pili.

Likapasuka.

Mlio ule! Vumbi, vipande vya mpira, kuku wa jirani wakapanda ukutani. Baba alikaa juu ya ndoo bila kukusudia. Hakuna aliyeumia. Tairi lilikuwa na tundu ningeweza kuingiza kitabu.

Baba akasema kwa sauti ndogo: "Lingepasuka barabarani." Dada alikuwa ameshika bega lake lisilo na mkono wa gauni.

Nikasema yote. Upepo ni mimi. Kipimajoto ni mimi (Mama alisema anajua). Tarakimu nimezisoma tangu Jumatatu. Shemeji akaguna kwamba mpira mkavu ukilazwa na kukanyagwa ndivyo unavyokatika, ila usingekatika leo ungekatika siku nyingine.

Baba aliuliza kwa nini sikumwambia Jumatatu. Nikatazama chini. Nikasema ni kwa sababu ya kiti.

Mama alicheka mpaka akajishika ukuta. Baba naye. Dada hakucheka. Alisema alikuwa ameniamini. Alisema hilo tu, akaingia ndani kutafuta gauni jingine.

Tulikwenda kwa gari la kukodi. Dereva alitaka kapu la zawadi lisiminywe, likakaa kiti cha mbele. Mimi nyuma kabisa. Dada alikaa mbali nami njia nzima. Wakati wa kurudi, giza likianza kuingia, alilaza kichwa begani kwangu, akaniambia nikidanganya tena atanivua huo mkono wangu kama nilivyovua wake. Nikasema sawa.

Jumapili, 10 Agosti

Amani. Baba ameagiza matairi mapya, na atakwenda nami dukani nisome tarakimu kabla hajatoa hela. Ameniita Profesa mara moja, kwa uangalifu. Amenipa na somo: nikijua jambo la hatari, niseme siku hiyohiyo, anayesikia awe nani, atakayesifiwa awe nani. Nikaapa, mkono juu. Nilimaanisha. Nimejifunza. Wivu ni kitu cha kijinga, na Shemeji, tuseme ukweli, ni mtu mzuri.

Jioni akaja. Amemletea Baba zawadi ya gari: mtungi mdogo mwekundu wa kuzimia moto, umefungwa utepe. Baba alipiga makofi. "Injinia wangu!" Akaufunga mtungi palepale, chini, mbele ya kiti cha mbele. Mahali pa miguu yangu.

Walipoingia ndani kunywa chai nilibaki uani. Niliusogeza utepe. Chini yake kuna karatasi ya tarehe. Mtungi umekwisha muda wake tangu Machi. Mtu mwenye lenzi dukani, hakuona!

Nikaurudisha utepe juu ya tarehe. Nikafunga mlango wa gari, nikavuta turubai, nikanawa mikono, nikaingia kunywa chai na wenzangu. Shemeji akanisogezea sukari, nikasema ahsante. Kisha nikaja chumbani. Harusi ni mwezi ujao na wageni watakuwa wengi. Nimeshaandika sentensi ya kwanza: "Wapendwa wazazi na wageni waalikwa."