Baridi ya Ooty na Baba Mkwe Wangu Mtarajiwa

Wasee wa Brooklyn Park, Minnesota, leo nimejiaibisha mbele ya baba mkwe mtarajiwa. (Kama bado ananitarajia.)

Mnajua nimekuja Ooty, huku milimani kusini mwa India kwao mchumba wangu Meena, kumwomba mzee wake ruhusa ya kumuoa binti yake. Jana jioni mzee akauliza swali moja tu: "Minnesota kuna theluji. Utaweza kumtunza mwanangu?"

Nikajaa hewa. "Baba, baridi haiwezani na mimi! Nimezaliwa Limuru, naishi Minnesota. Hii yenu ni ya kuchezea."

Meena akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaendelea tu!

Leo alfajiri mzee akasema twende kilimani tukaone jua likichomoza. Yeye sweta mbili, shali, na kofia ya sufu hadi masikioni. Mimi tisheti na ndara. Mama mkwe akanikimbilia mlangoni na sweta. "Vaa, mwanangu." Nikakataa, tena kwa tabasamu. (Asiyesikia la mkuu, mnajua yanayomfika.)

Mwanzoni nilikuwa sawa. Wasee, huku ni chai kila upande, na mikaratusi inanukia kama kwetu! Maswali yakanitoka mfululizo. Nani alileta hii miti? Chai mnachuma mara ngapi kwa mwezi? Na kile kitreni kinachopanda kutoka bondeni, mbona hakirudi nyuma? Mzee akafurahi. Akanieleza kwamba reli yake ina meno katikati, na treni ina gurudumu linaloshika yale meno. Nikataka kuuliza, jino likivunjika je?

"J-j-j..."

"Unasemaje?"

"J-j-ji..."

Nikatazama chini. Nyasi zina barafu! Vidole vya miguu sivisikii. Hapo ndipo nikajua ukweli wangu. Minnesota natoka kwa hita ya nyumba naingia kwa hita ya gari, ambalo nimeliwasha kwa rimoti nikiwa bado jikoni. Baridi yenyewe naionea dirishani! Na huku nyumba haina hita, kwa hiyo nilitoka nimeshapoa.

Jua likachomoza. Watu wote wakaligeukia na simu zao. Mimi nilikuwa nimekumbatia birika la muuza chai. (Alikuwa ananibembeleza nimrudishie.)

Mzee akanisogelea. Akavua shali akanifunga mwili mzima, mikono ndani, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Akanivalisha na kofia yake. Kisha akaniteremsha mlima akinishika bega, watu wakitupisha na kunipa pole.

Tulipofika, Meena alikuwa mlangoni. Nikajua harusi imeota mbawa.

Mzee akamwambia kwa Kiingereza, ili na mimi nisikie: "Nenda naye Minnesota, mwanangu. Huyu hawezi kuachwa peke yake."

Basi nimekubaliwa. Atakayecheka hali pilau ya harusi.