Pamba ya Bibi Oleta na Mlango wa Serikali

Alhamisi, 6 Novemba
Bibi Oleta kanikabidhi pamba! Yote ya mwaka huu niuze mimi. Binamu Denton, ambaye huuza kila mwaka, kanuna. Bibi kasema nikiuza vizuri, trekta na shamba la kaskazini ni vyangu msimu ujao. Nikivuruga, ni vya Denton. Kazi rahisi.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimeshinda kiwandani, tunakochambulia pamba, kwenye kona yangu karibu na birika la kahawa. Siongei, nasikiliza. Wazee wanaocheza dhumna hapo wanasema viwanda vya nyuzi hapa Marekani vina njaa, bei yetu imeipita ya nje. Wiki ya pili sasa. Na wote wameshauza! Wataalamu hao. Bei inapanda, wao wanakimbia.
Mzee Hollis, meneja, kauliza kama nauza. Nikatikisa kichwa. Kacheka. Nilitaka kuuliza anacheka nini, lakini Marisela, binti anayepima pamba mizanini, alikuwa ananiangalia. Nikajifanya namimina kahawa.

Ijumaa, 14 Novemba
Wiki ya tatu, bado tuko juu! Denton kauza ya kwake jana. Nimempa pole. Bibi kauliza nangoja nini. Nikamwambia biashara ni subira. Kasema hata bata mzinga anaingoja Sikukuu ya Shukrani, siku ya kuchinjwa kwake, kwa subira.

Ijumaa, 21 Novemba
Wiki ya nne! Nimewapelekea wazee maandazi ya sukari tusherehekee. Wamekula yote. Halafu Hollis akafuta mdomo.
"Weldon mwanangu, bei yetu ikiipita ya nje wiki nne mfululizo, serikali inafungua mlango. Mgawo maalumu. Pamba ya nje inaingia kwa ushuru mdogo, wenye viwanda wanapumua, bei yetu inaanguka."
Kumbe kila mtu hapa anajua, hata paka wa kiwandani. Nikauliza mbona hawakuniambia.
"Hukuuliza. Na maandazi ulikuwa hujaleta."
Sheria nzuri sana. Kila Ijumaa nilikuwa nashangilia, kumbe nasukuma mlango. Mnunuzi wa pamba niliyekuwa namringia hapokei simu yangu tena.

Jumatatu, 24 Novemba
Mpango mpya: Bibi asijue. Kila mchana husikiliza bei za pamba redioni akila. Nimekata waya wa redio, nikasingizia panya. Bibi kavaa kofia, kaenda kiwandani kucheza dhumna.
Hilo sikuliwaza.

Alhamisi, 27 Novemba
Sikukuu ya Shukrani. Pamba kaiuza Denton, kwa bei ya huruma. Trekta na shamba kapewa yeye. Mezani Bibi kaniwekea shingo ya bata mzinga, kasema wenye subira ni ndugu. Watu wamecheka mpaka chai ya barafu ikamwagika. Bibi kaniachia robota moja la pamba. La kujifunzia, kasema.

Ijumaa, 19 Desemba
Bei imepanda tena! Wiki ya tatu tunaipita ya nje. Hollis analitaka robota langu, tena kwa bei nzuri. Nimetikisa kichwa. Marisela kanifuata mpaka nje, kanisemesha mwenyewe. Kasema, "Weldon, uza leo, tafadhali. Wiki nne zikitimia wanafungua tena." Anaogopa, maskini. Hajui hesabu. Mlango serikali imeshaufungua mwezi uliopita. Utafunguaje mlango ambao uko wazi?
Nimeagiza maandazi ya Ijumaa ijayo.