Mpangaji Kinywani

Jumatatu, 3 Machi

Uhuru! Baada ya miaka miwili na miezi minne, daktari wa meno amenitoa nyaya. Ulimi umepita mbele ya meno ukateleza kama mtu mwenye soksi kwenye sakafu iliyong'arishwa. Jino langu la mbele, lile lililotangulia wenzake maisha yote kama kiranja, limeingia mstarini.

Uhuru umedumu dakika ishirini. Daktari akaleta kidude: kipande cha plastiki kinachokaa juu ya ulimi, kwenye paa la kinywa, na waya unaopita mbele ya meno. Anakiita riteina. Kazi yake ni kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Nikivae mchana na usiku, nikitoe wakati wa kula na kupiga mswaki tu. Kikiniumiza nisikiguse, nirudi kwake. Nimemwambia hakuna thida. Ndivyo ilivyotoka: thida.

Mimi nimekiita Mpangaji. Kimehamia bila kuuliza.

Mke wangu amenikagua meno jioni, amefuta machozi, halafu ametoa habari. Jumamosi ya tarehe 15 tunatimiza miaka kumi ya ndoa na ameshaweka nafasi studio. Katika picha yetu ya harusi nimefumba mdomo kama mtu aliyebeba maji kinywani. Wageni humuuliza kama nililazimishwa. Miaka kumi anawajibu kwamba nilikuwa na furaha, ila kwa ndani. Anataka picha moja tu ambayo ninacheka.

Nimeahidi. Mimi ni mtu wa mpango. Masharti yote yatafuatwa.

Jumanne, 4 Machi

Masharti ni magumu. Mate! Sikujua mtu mmoja anaweza kuwa na mate mengi hivi. Meno yote yanauma kwa zamu, na leo zamu imekuwa ya yote.

Kazini ni balaa. Kwenye duka letu la miwani mimi ndiye ninayekata vioo na kuikunja fremu ikae sawa usoni mwa mteja. Kazi ya maelezo mengi. Nimemuuliza mzee mmoja kama anataka miwani ya kuthomea. Akaniuliza nani kachomwa. Mpima, mwenzangu anayepima macho, mwenye meno yaliyopangika kama mahindi ya maonyesho, akaja kunitafsiria. Hakuombwa. Alitafsiri huku akitabasamu, na alitabasamu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa nane bosi ameihamisha simu ya duka kutoka meza yangu kwenda kwa Mpima. Kwa muda tu, kasema. Kwa miaka sita simu hiyo nimeipokea mimi.

Jumatano, 5 Machi

Mpango. Kithembe kinashika herufi mbili, S na Z. Basi siku nzima nisizitumie. Nimeandika orodha nikinywa chai: badala ya "sogea", njoo karibu. Badala ya "saa sita", adhuhuri. Badala ya "Jumamosi", ile inayofuata Ijumaa. Badala ya "asante", Mungu akubariki.

Hadi adhuhuri nimebariki watu kumi na mmoja. Mama mmoja niliyembariki mara tatu ameitikia amina, kafumba macho, kaomba nimuombee jicho la kushoto. Ningefanyaje? Nimeliombea kwa ufupi. Mpima amelipima baadaye. Liko vilevile.

Bosi ameniita pembeni. Amesema anaheshimu imani ya kila mtu, ila hapa ni dukani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeisoma upya karatasi ya masharti. "Kitolewe wakati wa kula." Haisemi popote mlo uwe wa muda gani. Nashangaa wagonjwa wengine hawajaliona jambo hili.

Kwa hiyo leo nimekula kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Karanga, moja kila dakika mbili. Mpangaji amekaa kwenye kikopo chake mfukoni. Nimezungumza kama mtangazaji! Wateja wamenielewa! Lakini bosi ameona alama ya kidole chenye mafuta kwenye kioo cha mteja, halafu nyingine, halafu amekuja kunusa meza yangu. Karanga zimetaifishwa. Mpima anazila.

Jioni tumbo limejaa gesi. Mke wangu amenipondea viazi, vilaini kama vya mtoto, kama alivyonipondea kila waya zilipokazwa kwa miaka miwili. Sikuweza hata kijiko kimoja. Amenishika paji la uso kuona kama nina homa. Nimejisikia vibaya, na si kwa sababu ya karanga peke yake. Mpangaji naye amegoma kuingia, kisha akaingia kwa nguvu kama kiatu cha mtoto. Sasa kuna kidonda upande wa kushoto.

Bibi yake mke wangu, tunayeishi naye, amenionea huruma. Yeye ana meno ya bandia mdomo mzima. Amesema, "Mume wangu, hata mimi yalinitoa machozi." Alisukutua kwa maji ya chumvi vuguvugu na alisoma gazeti kwa sauti kila asubuhi, siku kumi na moja, mpaka matangazo ya zabuni, ulimi ukazoea. Nimemshukuru. Sikumwambia ninavyofikiri: hiyo ni njia ya watu wasio na mpango.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi amekuja mwalimu mstaafu na fremu iliyopinda kama kambale. Ameipasha mwenyewe juu ya mvuke wa birika. Alitaka ilegee kidogo tu. Nimempa somo kamili. Nimemwambia plastiki ile ilitengenezwa na mtu aliyempima, na hakuna mtu mwenye akili anayejikunjia kitu cha kitaalamu nyumbani. Ameomba radhi, mikono nyuma.

Saa saba, bosi na Mpima wametoka kula. Nimebaki na mashine ya hewa moto ya kulainishia fremu. Na kidonda.

Hali zetu hazifanani. Mwalimu ni mwalimu, mimi ni fundi. Plastiki ni plastiki. Nimehesabu hadi kumi na mbili, kama kwa fremu nyembamba.

Mpangaji amejikunja kama jani kavu.

Nimemkunjua kwa vidole, nimeungua viwili. Sasa anakaa kinywani kama mfuniko wa sufuria ya jirani. Daktari alisema nirudi kwake kikiniumiza. Hakusema lolote kuhusu mimi kukiumiza chenyewe. Miadi yangu ni Alhamisi ijayo. Uamuzi: siku sita bila kuvaa. Meno yamekaa mstarini miezi, hayawezi kusahau nidhamu kwa siku sita. Mke wangu asijue.

Jumapili, 9 Machi

Ugumu ambao sikuuona mapema: bila Mpangaji sina kithembe. Jana mchana mke wangu alisimama na sahani mkononi, akasema jamani, umezoea haraka hivi? Basi imenibidi nikirudishe. Tangu jana naongea kithembe cha makusudi. Thahani. Thupu. Thamahani. Kinachosha kuliko cha kweli.

Na yeye ananisifu! Amempigia dada yake simu kumweleza ninavyovumilia. Ameponda viazi tena. Nimevila vyote, kichwa chini, ingawa meno yangu yangeweza kutafuna mfupa.

Wakati wa chakula cha mchana nimeomba "mathi". Maji hayana S. Bibi ameweka kijiko chini. Amengoja mke wangu aende jikoni, kisha akaniambia, "Mume wangu, fungua mdomo." Nimefungua. Ameangalia huku na huku kama anayetafuta mpangaji aliyehama na funguo. Amesema mganga hajigangi, hilo analijua, lakini hakujua kwamba mganga hata kudanganya hawezi. Nimemweleza yote. Amecheka mpaka ameyashika meno yake kwa mkono yasitoke. Halafu ameacha kucheka. Amesema mjukuu wake ameishona upya gauni ya picha ya Jumamosi mara mbili. Ananipa hadi Alhamisi. Nisipomwambia mimi, atamwambia yeye.

Jumanne, 11 Machi

Nimepima kwa rula ya kazini, ile tunayopimia umbali wa mboni. Jino la mbele limetoka nusu milimita. Nimepima mara tano. Mara tatu nusu, mara mbili zaidi ya nusu.

Mpango: kulisukuma kwa kidole gumba kila ninapokuwa huru, dakika kumi kila mara. Saa nne bosi amepita. Saa tano amepita tena, na mteja. Mpima ameuliza kwa upole kama nyumbani kuko salama. Kisha, sijui kwa nini, amenirudishia karanga zilizobaki. Huruma ya mshindani ni chungu kuliko dhihaka yake.

Mara mbili leo nimeshika simu nimwambie mke wangu. Mara mbili amepokea kwa furaha na kuniuliza shati gani linanipendeza, la buluu au jeupe. Nimesema la buluu.

Alhamisi, 13 Machi

Nilipanga kumwambia njiani. Njiani ameongea yeye. Nilipanga kumwambia tukiwa tunangoja. Tumeitwa mapema! Siku zote tunangoja saa nzima, leo tumeitwa mapema!

Daktari amemweka Mpangaji mezani. Mpangaji akayumba kama kigoda chenye mguu mfupi. Daktari ameuliza kama amekaa karibu na moto. Nimesema huenda ni jua. Ameuliza nafanya kazi gani. Nimesema za mikono. Muuguzi amevua miwani yake, ameiangalia, ameuliza kwa furaha kama mimi si yule fundi aliyemkunjia fremu kwa mashine ya hewa moto? Inamkaa vizuri sana, anashukuru.

Vidole vyangu viwili bado vina alama. Nimevikalia.

Daktari hakufoka. Amesema jino limesogea, kidogo. Riteina mpya itakuwa tayari Jumatatu na nikiivaa bila ujanja italirudisha. Jumamosi halitakuwa mstarini. Kwa miezi ijayo likisogea zaidi, itakuwa nyaya upya.

Mke wangu ametangulia nje, hadi kwenye ngazi. Nilisubiri kelele. Nilikuwa na majibu matatu tayari. Amekaa kwenye ngazi, amesema, "Mume wangu, ungeniambia tu kwamba inauma."

Nimeyaacha majibu yote matatu.

Nimekaa karibu naye. Nimemwambia inauma. Nimemwambia mate, simu ya duka, kidonda, karanga. Nimemwambia niliogopa akiona nashindwa na kidude cha ukubwa wa jani ataona miaka miwili ya viazi ilipotea bure. Ameniambia aliponda viazi kwa ajili yangu, si kwa ajili ya jino. Watu walikuwa wanapanda na kushuka, wanaturuka miguu. Halafu ameuliza hicho kithembe cha Jumapili kilikuwa nini. Nimekiri. Amecheka hadi mtu mmoja amesimama kumuuliza kama anahitaji msaada.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimwambia tuahirishe studio. Amekataa. Amesema alipanga siku, hakupanga jino.

Shati la buluu. Gauni imemkaa barabara, nimemwambia hivyo, S na Z zote mahali pake. Mpiga picha amesema tabasamu. Mdomo umejifunga wenyewe, mazoea ya miaka thelathini na tano. Kasema tena. Umejifunga tena. Mke wangu ameniinamia sikioni na kuniambia neno moja: "Mathi."

Picha imepigwa papo hapo. Mdomo wazi hadi magego, macho yamefumbwa, na jino la mbele limeegemea kidogo upande wake kama linalosikiliza. Mpiga picha alitaka turudie. Mke wangu amesema anachukua hiyo hiyo, na ameondoka ameikumbatia. Bibi ameiangalia kwa muda mrefu, kisha amesema sasa anaelewa mke mwenzake, yaani mjukuu wake, alipenda nini kwangu.

Sitasahau siku hii. Nimeandika kwa wino mwekundu ukurasa wa mbele wa shajara: UVUMILIVU. UKWELI. HAKUNA NJIA YA MKATO.

Jumatatu, 17 Machi

Riteina mpya. Nimeapa mbele ya daktari, muuguzi na mke wangu: moto, kamwe. Mvuke, kamwe. Jua, kamwe. Nimeapa kwa moyo mmoja na ninamaanisha. Mtu aliyepasha plastiki ya kinywa chake mwenyewe ni mjinga, na mimi si yule tena.

Bosi amenirudishia simu kwa majaribio. Mpima amenikabidhi kwa mikono miwili.

Inabana kidogo upande wa kulia. Kidogo sana, unene wa karatasi. Jioni mke wangu ameniuliza kama inauma. Nimesema hata kidogo. Sikutaka kumtia wasiwasi kwa jambo litakalokwisha kesho.

Maana jirani yetu wa dukani ni mchonga funguo, na nimemuuliza kama ana tupa ndogo. Anayo. Ataniazima kesho adhuhuri, wenzangu wakienda kula. Tupa haina joto lolote. Inakwangua tu, taratibu, mara sita au saba. Nimeisoma karatasi ya masharti mwanzo hadi mwisho, na tupa haikutajwa.