Matairi ya Mwaka wa Tano

Jumatatu, 28 Oktoba, mwaka wa 6 wa Reiwa

Fomu yangu ya likizo imerudishwa. Mara ya tatu! Mama wa ofisini pale kiwandani kaniambia eti niandike 2024, kompyuta haielewi "mwaka wa 6". Nikamjibu kwamba mimi nahesabu miaka kwa enzi ya mfalme, kama marehemu baba, na kama kompyuta haielewi basi ipelekwe shule. Akacheka. Sikuwa natania.

Nyumbani, kikao cha dharura kabla hata sijamaliza supu. Mke wangu Mitsue kaweka bahasha mezani. Pesa za matairi ya baridi. Kataka yawe mapya, yafungwe kabla theluji haijashuka mjini, na nisijifanye mjanja. Kisha likaja sharti lenyewe. Mwaka juzi niliteleza nikagonga mashine ya kuuzia soda. Mwaka jana, nguzo ya lango la hekalu. Nikigonga kitu kingine msimu huu, kitu chochote kile, ufunguo unakaa kwake na mimi nitakuwa nakwenda kazini kwenye gari la Osanai.

Osanai! Jirani yangu wa nyumba ya tatu, mwenzangu pale kiwanda cha juisi ya tufaha, na mtu anayenikera kuliko wote mjini Hirosaki. Huyu huimba akiendesha. Nyimbo za kale za bandari, mvua na machozi, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi, na kwenye kiitikio hufumba macho. Nilipanda siku moja tu, mwaka wa kwanza wa Reiwa. Bado naota.

Nimekubali sharti. Kwani ni mtoto mimi? Sitagonga kitu.

Jumamosi, 2 Novemba

Duka la matairi. Foleni hadi nje! Mlima Iwaki umevaa nyeupe mara moja tu, watu wameshapagawa. Kila mtu anajua mlima unavaa mara tatu ndipo zamu yetu inafika. Nafasi za kufungiwa zimejaa hadi mwisho wa mwezi.

Muuzaji ni mwanamke mwenye miwani, mwenye subira ya kuudhi. Kauliza gari gani. Nikasema kigari kidogo, bamba la njano. Kauliza wapi na saa ngapi. Nikasema kazini kila siku, alfajiri, madaraja mawili, na mke namshusha njiani kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Akaguna. Akasema basi nisiogope theluji, niogope barafu. Theluji unaiona, barafu inakuona yenyewe. Kwa hiyo nichukue yenye mpira laini kuliko yote. Nikanyooshea kidole yale ya bei ya chini. Akavua miwani akaifuta.

Halafu kanifundisha jambo. Eti tairi si meno tu. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu hata kama meno bado yamejaa, na mpira mgumu haushiki barafu. Kwa hiyo tazama namba ubavuni, tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Akaendelea kueleza kitu kuhusu huo mwaka, lakini mimi nilishapata nilichotaka. Siri yote ya biashara, bure! Nikaaga.

Kwa sababu nina mpango. Wazee wa vijijini wanaacha kuendesha, na maghala yao yamejaa matairi mazuri yasiyo na kazi. Nanunua yaliyotumika kidogo, ya juzijuzi. Bahasha inabaki nusu. Na hiyo nusu nimeshaipa kazi: ufito wa kuvulia, ule mweusi, kwenye dirisha la duka karibu na stesheni. Tunatazamana tangu Agosti.

Alhamisi, 7 Novemba

Mlima umevaa mara ya pili.

Osanai kafunga yake. Mapya, ya bei kali kuliko yote. Kayafungia barabarani, redio juu, ili mtaa mzima ujue. Akaniita eti Narumi, hebu njoo ubonyeze. Nikabonyeza. Kucha ikazama. Laini kama tofu, kasema mwenyewe, kana kwamba ndiye aliyeupika huo mpira. Akauliza ya kwangu yako wapi. Nikasema yako njiani. Akasema theluji nayo iko njiani, tuone ipi itatangulia. Akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Kisha kashinda jioni yote akiufunga msonobari wake wa bustanini ili theluji isiuvunje matawi. Miti mirefu kuuzunguka kama hema, kamba mpya, vifundo vya maringo. Ule msonobari aliachiwa na baba yake. Huongea nao. Nimemsikia akiuambia pole.

Mitsue kauliza matairi yamefikia wapi. Nikasema nalinganisha. Kanitazama vile anavyowatazama wazee wake wanaoficha dawa chini ya ulimi.

Jumapili, 10 Novemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Tangazo kwenye ubao wa duka la mbegu: matairi ya baridi, manne, na rimu zake, kigari kidogo. Nikaenda. Mzee Sasamori, nyuma ya mashamba ya tufaha, miaka themanini na kitu, mgongo umepinda, adabu tele. Kanipa chai na figili ya chumvi kabla hata ya kunionyesha mali. Ghala safi, kavu, giza. Matairi yamefunikwa blanketi. Meno marefu, yote yapo! Kasema mkewe aliyatumia misimu miwili tu, akaugua, gari likauzwa. Mwezi ujao kuna kisomo cha kumkumbuka. Mzee wa watu! Nikainamisha kichwa nikampa pole zangu zote, kama inavyompasa mtu aliyefiwa juzi. Akashangaa kidogo. Akashukuru.

Sasa sikiliza akili ya mtu aliyesoma. Nikapiga goti, nikawasha tochi, nikatafuta namba. 3805! Wiki ya thelathini na nane, mwaka wa tano. Mwaka wa tano wa Reiwa ni mwaka jana! Matairi ya mwaka jana kwa bei ya viatu! Nikajifanya nasitasita ili asije akashtuka akapandisha bei. Mzee akasema kama naona ni mengi apunguze. Nikamwacha apunguze. Hapo sijisikii vizuri sana, lakini biashara ni biashara.

Nikarudi kupitia stesheni. Ufito sasa uko nyuma ya kabati la viatu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimefunga mwenyewe. Jeki, spana, mgongo. Nati moja imenigomea saa nzima.

Osanai kaja bila kuitwa, kikombe mkononi. Kabonyeza tairi kwa kucha. Kabonyeza tena. Kanionyesha kucha yake, eti kidogo ivunjike. Kasema ni magumu kama mochi, andazi la mchele la mwaka mpya, iliyosahauliwa kabatini mpaka kiangazi. Nikamwambia huo ni wivu. Nikamwambia mwaka wa tano, bwana, mwaka jana tu, soma mwenyewe. Akainama, akasoma. Akafungua mdomo. Nikamwambia sihitaji mawaidha ya mtu anayeongea na mti. Akaufunga. Akaenda zake polepole, na kutoka nyumbani kwake nikasikia kicheko, cha kwake na cha mkewe.

Mitsue kauliza kama ni mapya. Nikasema ni ya mwaka wa tano. Hilo si uongo.

Kasema vizuri, Baba Chinatsu, mwaka huu umejitahidi. Kaniongezea samaki. Nilikula macho yakiwa chini.

Jumanne, 19 Novemba



Asubuhi kila kitu kimeshakuwa cheupe. Theluji nyembamba tu, chini yake barafu nyeusi. Nikafurahi! Nikamfungulia Mitsue mlango kama dereva wa waziri. Nikamwambia leo ataona. Akapakata kapu lake la chakula.

Mtaa wetu unateremka kidogo, na nyumba ya Osanai iko kwenye kona. Mwendo wa baiskeli. Nikakanyaga breki pale pale ninapokanyaga siku zote. Gari halikubisha, halikupiga kelele, halikupunguza chochote. Liliendelea tu, kwa utulivu, kama linajua linakokwenda. Nikakata usukani kulia. Likaendelea moja kwa moja. Mitsue akaniita jina langu, si Baba Chinatsu, jina langu lenyewe, ambalo hajaliita tangu harusi. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa sana, na si kwa ajili ya gari.

Tukaingia bustanini kwa Osanai. Tukauegemea msonobari. Mti mzima, bampa limepinda. Lakini hema lote, miti, kamba, vifundo vya maringo, likaanguka taratibu juu ya paa letu, na theluji yake ikafuata.

Mitsue hakuumia. Nimemuuliza mara tisa. Mara ya kumi kaniambia nikiuliza tena ndipo ataumia mtu.

Osanai katoka na mswaki mdomoni. Kaukimbilia mti kwanza. Kisha katufungulia mlango, kampa Mitsue mkono, kamuuliza kama yuko salama, kwa upole kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ndipo akachuchumaa kwenye tairi akasoma kwa sauti. Wiki ya thelathini na nane. Mwaka elfu mbili na tano.

Nikasema ni Reiwa. Mwaka wa tano wa Reiwa!

"Narumi," kasema, povu la dawa ya meno kidevuni, "kiwanda cha matairi hakimjui mfalme."

Mitsue kahesabu kwa vidole hadi vikaisha, akaanza upya. Kasema mwaka huo binti yetu Chinatsu alikuwa darasa la kwanza. Chinatsu sasa anafanya kazi Sendai na amechumbiwa. Kisha kauliza, kwa sauti ndogo, huyo mzee aliniambia kisomo cha mkewe ni cha mwaka wa ngapi. Nikasema sikuuliza. Kampigia simu hapo hapo, kwenye theluji. Cha kumi na saba.

Kanyoosha kiganja. Nikaweka ufunguo.

Jumatano, 20 Novemba

Dakika arobaini kwenda. Bandari, mvua, machozi. Kwenye daraja la pili akafumba macho. Nikapiga kelele. Kasema nimemharibia kiitikio, akakianza upya.

Gari lake halikuteleza hata mara moja. Inachosha.

Mitsue kaukuta ufito. Sijui nani huwa anasafisha nyuma ya kabati la viatu siku za kazi! Niliporudi nimeukuta umelazwa barazani, umetundikwa figili kumi na nne zikauke. Kasema ni imara, haupindi.

Baada ya chakula akatoa hukumu. Niyarudishe matairi kwa mzee. Nimwombe radhi kwa kumpunjia bei. Akinirudishia pesa, nisiguse hata moja, Jumatatu anaongezea yeye na kwenda mwenyewe kwa yule mwanamke wa miwani kununua yanayofaa. Siku yakifungwa, ufunguo unarudi kwangu. Nilitaka kumbusu. Nikamshukuru kwa kuosha vyombo.

Siku tatu tu za kazi za kuvumilia. Mtoto anaweza!

Jumapili, 24 Novemba

Nyumba nzima imelala mchana, naandika haraka.

Osanai kanipeleka kwa Mzee Sasamori na matairi yangu. Kaimba. Alipofika kasema atasubiri garini, ana ubeti hajaumaliza.

Mzee kapokea mali yake bila neno baya. Kasema hakujua kuwa matairi huzeeka hata yakifunikwa blanketi. Kasema nisamehe, mwanangu. Yeye ananiomba mimi msamaha! Nikaona aibu kwelikweli. Karudisha pesa yote, kaiweka kwenye bahasha nyeupe, kaishika kwa mikono miwili. Nikaitia mfuko wa ndani. Nikafunga kifungo. Nia yangu ilikuwa safi kama theluji, Mungu anajua.

Nikamsaidia kuyarudisha ghalani. Na kule kwenye pembe, chini ya blanketi jingine, nikaona mpini.

Mashine ya kusukumia theluji! Nyekundu, haina kutu. Nani mtaani kwetu anayo? Si Osanai! Osanai anatumia koleo. Nikamwona akilini, asubuhi moja, yeye na koleo lake, akisimama kunitazama mimi nikipita na mashine, nikimsafishia na mlango wake kwa hisani, bila kuimba.

Lakini safari hii sikukurupuka. Mtu hujifunza. Nikawasha tochi, nikatafuta kibati chenye mwaka. "Na. 04." Nikakaa chini nikafikiri. Matairi yanahesabiwa kigeni, hilo sasa nalijua, na mimi sirudii kosa. Ila hii si tairi. Hii ni mashine iliyotengenezwa papa hapa nchini, na mtu wa papa hapa atahesabu kama baba yangu alivyohesabu. Mwaka wa nne wa Reiwa. Miaka miwili tu!

Bahasha ikatosha. Ikatosha barabara, hata haikubaki. Ni kama ilipangwa. Mzee ataileta Alhamisi kwenye gari lake la shamba, Mitsue akiwa kazini. Kuhusu kesho na yule mwanamke wa miwani, nitafikiria kitu.

Mzee ameipapasa kabla ya kuifunika. Kasema marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akiisukuma, kila msimu wa baridi, na hakuruhusu mtu mwingine aishike. Nikainamisha kichwa, nikampa pole tena.