Giza Lile la Ngazini

Jumanne, 3 Novemba 1987
Daktari anasema moyo wangu hautafika Krismasi. Basi niandike nililolificha miaka hamsini na mmoja: lile giza la ngazini katika filamu yetu, muuaji anaposhuka na nusu ya uso wake haionekani, ni kazi ya mkono wangu. Mimi, fundi taa Wilfred Askew! Si Horace Tindall!

Filamu yenyewe tuliipiga kwa siku kumi na mbili. Ikaonyeshwa wiki moja, ikasahaulika. Sasa Bi Rosalind, mtafiti kutoka London, ameifufua. Ijumaa ataionyesha hapa hapa Hove, katika nyumba yetu ya wazee. Na mgeni wa heshima ni nani? Horace, aliyekuwa mpiga picha wa filamu hiyo, sasa jirani yangu wa chumba! Siku hizi anavaa tai hata kwenye uji wa asubuhi.

Jumatano, 4 Novemba
Nimemweleza Bi Rosalind ukweli. Akanishika mkono, akauliza kama nimeshakunywa dawa. Akili yangu ni timamu, nilisoma hadi Kilatini, mama! Horace akasikia, akacheka hadi meno ya bandia yakacheza. Eti, "Wilfred, mzee mwenzangu, wewe ulikuwa unaburura nyaya tu. Kula biskuti yako unyamaze." Biskuti yenyewe alishaila yeye!

Alhamisi, 5 Novemba
Nina mpango. Nitakaa karibu na ukuta, penye soketi. Muuaji akifika ngazini, nanasa waya wa projekta kwa mkongojo. Kwisha! Horace aaibike mbele ya watu. Nimefanya mazoezi kwa waya wa redio. Muuguzi Maureen kanikemea mara mbili.

Ijumaa, 6 Novemba
Baada ya chai, mapazia yakafungwa. Muuaji akatokea. Nikanasa, nikavuta. Kumbe nimechomoa waya wa taa ya pembeni! Walikuwa wameiacha ikiwaka, ikiipausha picha. Giza likakolea, uso ukagawanyika kama uliokatwa kwa kisu. Chumba kizima kikashusha pumzi. Bi Rosalind alilia. Horace akaniinamia sikioni: "Asante, mzee. Hii mara ya pili."

Kumbe alijua! Miaka yote hiyo! Mnafiki mkubwa!

Jumamosi, 7 Novemba
Nimemwandikia Bi Rosalind barua kali. Jina langu liwekwe mwanzoni mwa filamu, juu ya la Horace, kwa herufi kubwa.

Sikumwandikia hili: hata mwaka 1936 nililenga waya wa kamera yake. Nilitaka kumharibia. Nikakosea waya.