Malalamiko Kuhusu Kimo cha Gari Lako Jipya

Keumbu,
Jumapili asubuhi.

Baba Sheila, mkwe wangu mheshimiwa,

KUH: BONETI YAKO NA KICHWA CHANGU

Nakusalimu nikiwa nimekaa mbali na barabara. Nimekuandikia kwa Kiswahili makusudi. Ekegusii kwangu ni lugha ya jikoni, na mama mkwe na mkwe wake hawakutani jikoni. Kiswahili kinatuwekea hatua chache za heshima, ambazo gari lako la zamani lilishindwa kutuwekea.

Jirani yetu Ogoti amekuona mjini Kisii ukiendesha gari jipya, refu, lenye pua iliyosimama wima kama ukuta. Anasema lile dogo uliliuza kwa aibu ya siku ile. Naomba basi kuwasilisha malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Gari la zamani. Nilikuwa navuka pale kwenye mashine ya kusaga unga, mkungu wa ndizi kichwani, nawe ulikuwa unakuja kutusalimu. Gari lako lilinigonga miguuni, likaninyanyua, likanianika juu ya boneti. Mkungu ulitangulia kupiga kioo, ndiyo maana kichwa bado ninacho. Nilipoinua uso nikajikuta nakutazama machoni kupitia ufa. Tangu umwoe binti yangu Lavender sijawahi kukutazama machoni. Chinsoni, hiyo heshima yetu ya mama mkwe na mkwe kukwepana, ilivunjika kabla ya mguu wangu.

2. Breki. Sikulaumu kwa kufumba macho. Mkwe aliyelelewa vizuri hufanya hivyo, nami nilijifunika leso. Lakini ulipofumba macho uliondoa na mguu kwenye breki, na pale ni mteremko. Tulishuka wote wawili bila kutazamana, kwa adabu kamili, mpaka mtaroni. Ogoti anasema hajawahi kuona heshima ikienda kwa kasi namna ile.

3. Kimo. Daktari aliyenifunga plasta alinieleza kwamba gari la pua ya chini humgonga mtu miguuni na kumlaza juu yake, kichwa kikakutana na kioo. Lile la pua iliyoinuka humpiga kifuani, na mtu mfupi humpiga kichwa kwa chuma, kisha humtupa chini mbele ya magurudumu. Mimi si mrefu. Ogoti alinionyesha kwa mkono mahali boneti yako mpya inapofika, na mkono wake ukaishia kwenye kidevu changu. Nia yako naielewa, umetafuta gari ambalo mkwe na mama mkwe hawawezi kutazamana. Ni kweli. Likinigonga hilo, hatutaonana tena kabisa.

4. Ndizi. Kwa kimo hicho hata mkungu hautanifaa. Utaruka juu ya paa lako uende zake sokoni, mimi nibaki. Kwa hiyo nimeazima helmeti ya kijana wa boda boda hapa jirani, ambaye yeye huitundika kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki badala ya kuivaa. Naivaa kichwani, juu yake kata, juu ya kata ndizi. Wateja sasa wananiuliza nauli ya kwenda Nyakoe.

Kwa hayo yote naomba uliuze gari hilo na kununua fupi kuliko la kwanza, lisilopita magoti, lenye kioo cheusi ili nikilazwa tena kila mtu abaki na adabu yake. Ukishindwa, njoo kwa miguu. Watu wawili wakigongana njiani huishia kusalimiana. Ama gari hilo refu, nakataza kabisa lisikaribie lango langu.

Kuna jambo moja sikulipa namba kwa sababu si la gari. Tangu siku ile hujakanyaga kwetu, na Lavender anasema atakuja utakapokuja. Mara ya mwisho Sheila alikuwa anatambaa. Ogoti anasema sasa anakimbia. Habari za mjukuu wangu nazipata kwa Ogoti, na hilo linaniuma kuliko mguu.

Msalimie Lavender, wasalimie wazazi wako, na majirani zako wote walio wafupi.

Wako mwenye kutembea upande wa kulia wa barabara,
Kemuma, Mama Lavender.

Baada ya sahihi: Fundi amemaliza kung'oa nguzo za lango na kuzisimika mbali zaidi. Lile dogo lilikuwa likipita, hili lisingepita. Tumelijaribu kwa lori la majani chai na halikugusa popote. Jumamosi, siku yetu ya Sabato, mkitoka kanisani, ingia nalo moja kwa moja mpaka mlangoni. Chakula nitakuwa nimekipika Ijumaa. Mimi nitakuwa nyuma ya nyumba, nimegeukia migomba, kwa hiyo usiwe na hofu ya macho yangu. Ila Sheila ashuke wa kwanza, aje huko nyuma mbio. Bibi na mjukuu hawana chinsoni.